Jiko la Mbele

Beldina aliichukia kazi yake na hakumficha mtu. Aliichukia asubuhi akijifunga leso kiunoni, akaichukia mchana jasho likimwingia machoni, akaichukia jioni akijisugua kwa limau na bado mwili ukanuka samaki. Kanisani watu walimpisha kwenye benchi, na si kwa heshima. Paka wa mtaa wa Obunga walimfuata hadi mlangoni kama waumini nyuma ya mchungaji. Ukimwuliza habari za kazi alikujibu, "Habari gani? Mimi ni mpishi wa mifupa. Nyama wanakula wengine."

Hakusema uongo. Viwanda vya samaki mjini Kisumu humchuna mbuta minofu yake yote, ikatiwa barafu na kupelekwa ng'ambo kwa watu wasiojua hata samaki huyo alikuwa na sura gani. Kinachobaki ni kichwa, mkia, na uti wa mgongo katikati wenye nyama kidogo iliyoponea kisu. Mabaki hayo huletwa Obunga kwa lori, na wenyewe huyaita mgongo wazi. Wanawake huyaosha, huyaanika kwenye chanja za waya mpaka maji yakauke kabisa, kisha huyatumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka. Yakitoka humo ni chakula, na wanunuzi huyafuata kutoka mbali, wengine Luanda, wengine Busia.

Kibandani majiko yalipangwa safu, na safu hiyo ilikuwa na wakubwa na wadogo kama mji wowote wa wake wengi. La mbele kabisa lilikaa penye njia. Mnunuzi alilifikia kwanza. Upepo wa ziwani uliuchukua moshi wake na kuwapelekea wa nyuma. Na lori lilipomwaga mzigo, mwenye jiko la mbele alichagua kabla ya mkono mwingine kugusa. Jiko hilo lilikuwa la mama mkwe wa Beldina, mwanamke mrefu wa maneno machache ambaye watu walimwita Min Ouma, yaani mama yake Ouma.

Beldina alipoletwa hapo kutoka Awasi, bibi harusi mwenye cherehani aliyopewa na mamake na hamu ya kushona sare za shule, Min Ouma alimkabidhi kijiti kirefu cha kugeuzia samaki akamwambia, "Simama hapa." Hakuna aliyemwuliza kama anapenda. Angeulizwa angesema hapana, na bado angesimama, kwa sababu mwanamume aliyemwoa alikuwa Ouma.

Ouma alipenda kazi. Kwa hilo lazima asifiwe. Alipenda kupiga picha mpaka kamera ikaibwa. Akapenda kufuga nyuki mpaka nyuki wakahama. Akapenda kukodisha vipaza sauti vya matanga, na mapenzi hayo yalikuwa motomoto kweli, mpaka siku alipovisahau kwenye mvua huko Nyakach. Kila mara alirudi nyumbani macho yakimmetameta, akaeleza jinsi mtu asivyoweza kufanikiwa katika jambo asilolipenda. Beldina alimsikiliza huku akimpakulia ugali. Kila kazi aliyoipenda Ouma ililishwa na ile aliyoichukia mkewe. Hata mwana wao Griffins alisomeshwa na chuki hiyo hiyo, mpaka akapata kazi ya uhasibu Eldoret.

Kisha Opondo, mdogo wake Ouma, akaoa Debra kutoka Otonglo, na Debra akaja kibandani akiimba.

Aliimba akiosha, akaimba akianika, akaimba kijiti mkononi mbele ya karai dogo alilopewa kule nyuma. Alijirekodi kwa simu akiinua mgongo uliokaangwa vizuri kama anayeinua kombe. Beldina hakuwahi kuona kitu kilichomkera namna hiyo.

"Mimi naipenda hii kazi, jameni," Debra alisema siku moja, wanawake wamekaa wakipumzika. "Ukiona mgongo umeanza kugeuka rangi vile, moyo unacheka."

"Moyo ukicheka, pua inafanya nini?" Beldina akauliza.

"Pua iko likizo," akajibu Kageha, Mragoli wa jiko la pili ambaye hakuruhusu mzaha upite bila yeye kuupanda. Watu wakacheka.

Debra hakucheka. "Nyieka," akasema, maana ndivyo wake wa ndugu wanavyoitana kwa Kijaluo, "wewe kama hupendi, si uache? Kuna watu wangeshukuru kusimama mahali unasimama."

"Kuna watu? Si useme ni wewe."

"Haya. Ni mimi."

Min Ouma alikuwapo, akasikia, akaendelea kugeuza samaki wake. Alikuwa hai bado, na alipokuwa hai neno hilo halikuwa na pa kwenda.

Aliaga dunia mwanzo wa mvua za vuli. Walimpeleka Seme kumzika, na majiko yote kibandani yakazimwa kwa heshima yake. Hapo inafaa kueleza jambo moja. Kwao Seme, mvua ikinyesha, mke mdogo hatii mbegu ardhini kabla ya mke mkubwa. Akimtangulia, ameivuka mila, na aliyeivuka mila hutafutwa na chira, ule mkosi unaoanza na kitu kidogo na kumaliza mji. Min Ouma ndiye aliyeihamisha desturi hiyo kutoka shambani na kuitia kibandani. Moto ukizimwa na msiba, huwashwa kwanza katika jiko la mbele, na anayeuwasha ndiye mwenye jiko kuanzia siku hiyo. Wengine humfuata. Wanawake wote waliishika, hata Kageha ambaye kwao mambo ni mengine, kwa kuwa hakuna anayetaka kubishana na mkosi mahali penye mafuta ya moto.

Kwa hiyo kila mtu alijua. Matanga yakiisha, Beldina, mke wa mwana mkubwa, angewasha, na jiko lingekuwa lake.

Asubuhi ya siku hiyo aliamka akakuta pembe ya chumba iko wazi. Cherehani haikuwapo.

"Iko wapi?"

Ouma alikuwa akivaa viatu, macho yanametameta. "Mama Griffins, keti nikueleze. Kuna kitu kinaitwa kizimba. Unafuga samaki ndani ya ziwa lenyewe. Kuna jamaa wa Dunga ananiachia nyavu zake. Nilikuwa nakosa kitu kidogo tu cha kubadilishana, na ile mashini ulikuwa hata huigusi..."

"Umepeana cherehani ya mama yangu."

"Sikupeana. Nimeiwekeza. Hii kazi ya samaki naipenda, yawa. Naisikia kwa damu."

Kuna hasira inayopiga kelele na kuna hasira inayofunga leso. Beldina alifunga leso, akatoka.

Alipofika kibandani lori lilikuwa limeshamwaga mzigo na migongo ya kwanza imeanikwa. Kuni zilikuwa zimelowa. Wanawake walisimama kila mmoja karibu na jiko lake baridi, wakimngoja. Dani Rachael, nyanya aliyekuwa mkubwa wa kibanda kwa umri, ambaye hakukaanga tena ila hakuna lililofanyika bila yeye, alikaa kwenye kigoda chake. Na pale pale, mbele ya jiko la mbele, alisimama Debra, amelifagia, amelipanga kuni, kiberiti mkononi na tabasamu usoni.

"Nyieka, umechelewa. Nimekutayarishia. Aki leo naisikia siku nzuri."

Naisikia. Neno lile lile. Beldina aliitazama ile sura changa iliyosuguliwa mafuta, akamwona Ouma na nyavu zake, akawaona wapenda kazi wote wa dunia hii wamesimama juu ya mgongo wake wakiimba.

"Kama unaipenda hivyo," akasema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "washa wewe!"

Debra aliduwaa. Akamtazama Dani Rachael. Dani Rachael akamtazama Beldina, akangoja, akimpa nafasi ya kulirudisha neno. Beldina aliiona nafasi hiyo. Akaikunjia mikono.

Njiti ikawaka. Kuni mbovu zikafuka, zikakohoa, mwisho zikashika.

"Basi," Dani Rachael akasema polepole. "Umesema mbele za watu, na ameshawasha. Mama Griffins, peleka vitu vyako nyuma."

*

Jiko la nyuma lilikuwa na karai dogo na moshi wa kibanda kizima. Beldina alisimama ndani ya moshi huo akachukia upya, kama mtu aliyehamia chuki yenye vyumba vingi zaidi. Mzigo ulipokuja, alichagua wa mwisho, akapata vichwa vilivyopondeka. Wanunuzi waliomjua walipita mbele wakasimama kwa Debra, wakasema anavyokaanga kwa furaha utadhani samaki mwenyewe ameridhika.

"Mama Griffins," Kageha alimwita kupitia moshi, "uko hapo ama tukulilie?"

"Lia. Ukimaliza ulie yako."

Lililomuuma zaidi ni kwamba kila mtu alimpongeza. Ouma alisema, "Si uliichukia? Sasa umepona." Griffins alipiga simu kutoka Eldoret. "Mama, hiyo ni baraka. Achana na moshi. Si ulipenda kushona?"

"Cherehani iko ziwani. Baba yako anaifugia samaki."

"Mama, serious. Unang'ang'ania nini? Hata huipendi."

Alikata simu kwa sababu hakuwa na jibu, na kukosa jibu mbele ya mtoto uliyemsomesha ni adhabu. Lakini swali lilibaki. Aling'ang'ania nini? Alilitafuna siku nyingi nyuma ya moshi, na alichokipata hakikuwa kizuri cha kumwambia mtu. Kupenda, alijiambia, hata Ouma anaweza. Kupenda ni kuamka siku unayojisikia. Yeye aliamka siku zote ambazo hakujisikia, na siku hizo ziliingia ndani ya lile jiko moja baada ya nyingine, mpaka likawa lake kuliko kitu chochote alichowahi kukipenda. Sasa limechukuliwa na mtu anayeimba. Hakutaka kingine duniani. Alitaka jiko lake, alichukie kwa nafasi.

Na Debra akaendelea kuimba.

Mvua ilinyesha mfululizo wiki hiyo. Migongo ilichelewa kukauka, na mnunuzi mmoja wa Busia, Wanyonyi, alikuwa amesimama njiani akilalamika gari lake litamwacha. Debra alitaka kumfurahisha. Alikusanya beseni zima kutoka kwenye chanja, akaligusa juu juu, akaona pakavu. Simu aliiegemeza kwenye nguzo ijirekodi. Mafuta yalikuwa yametulia kabisa, kimya, na mafuta ya moto yanapokuwa kimya ndipo yanapokuwa na njaa.

Beldina alikuwa akipita na ndoo yake. Akaona. Chini ya mbavu za ile migongo, pale jua lisipofika, maji yalining'inia kwa matone. Mtu yeyote wa kazi hiyo anajua maji hufanya nini yakikutana na mafuta hayo. Alifungua mdomo.

Debra alikuwa akiimba.

Beldina akafunga mdomo, akatazama pembeni, akaenda zake na ndoo.

Debra alilimwaga beseni karaini, na mlipuko ukasikika kama mtu aliyerarua gunia. Mafuta yaliruka juu, yakamwagika mpaka motoni, moto ukapanda mabatini. Kisha kukawa na sauti ya Debra, na haikuwa wimbo. Kageha alimvuta nyuma, wengine wakamwaga mchanga. Mkono wake wa kulia, kutoka kiganjani hadi juu ya kiwiko, ulikuwa umebadilika rangi. Walimpakia kwenye tuktuk wakampeleka zahanati.

*

Alasiri hiyo wanawake walikusanyika kibandani. Majiko yote yalikuwa yamezimwa kwa mchanga na hofu. Hawakuzungumza juu ya maji. Walizungumza chini chini juu ya lile jambo ambalo kila mmoja alikuwa amelifikiria kuanzia siku ya kiberiti.

"Mdogo alimtangulia mkubwa," mmoja akasema.

"Sikutaka kusema mimi."

"Leo ni mkono. Kesho ni mtoto. Chira haina breki."

Dani Rachael aligonga mkongojo chini, wakanyamaza. "Mama Griffins, simama. Wewe ndiye mkubwa wa nyumba ile. Sisi hatuwezi kusema kabla yako. Ukituambia hii ni chira, Debra hatasimama tena katika kibanda hiki, mbele wala nyuma, na jiko utalirudia leo hii. Ukisema siyo, basi siyo, na jiko ni lake. Sema."

Neno moja. Halikuwa hata zito, silabi mbili tu, na macho yote pale yalikuwa tayari kulipokea. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangemsindikiza mbele kwa vigelegele. Beldina aliliangalia jiko la mbele, majivu yake yamevurugwa, karai la Min Ouma limepinduka. Alilitaka mpaka meno yakamuuma.

Akamkumbuka Min Ouma akigeuza samaki, asiyesema neno. Halafu akakumbuka matone.

"Si chira," akasema.

"Una hakika?"

"Ni maji. Migongo ilikuwa mibichi kwa chini." Angeweza kukomea hapo. Alijua angeweza. Lakini alikuwa mwanamke asiyeficha chuki yake kwa mtu yeyote, na aliona itakuwa haya kuanza kuificha uzeeni. "Niliyaona. Nilikuwa hapo na ndoo. Nikanyamaza."

Kibanda kikawa kimya kama yale mafuta.

"Ulinyamaza," Kageha akarudia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Nilinyamaza."

Kilichofuata hakifai kuandikwa chote. Waliomwita mchawi walikuwa ndio wapole. Mmoja alimtemea mate miguuni. Mwingine alisema siku zote alijua, mtu hawezi kuichukia kazi kiasi hicho na moyo wake ukabaki mzima. Beldina alisimama akayapokea yote, kidevu juu, na akamrudishia kila mmoja jicho alilompa.

"Tosha!" Dani Rachael akasema. Alionekana amezeeka zaidi ya asubuhi. "Moto huu umezimwa na damu ya mtu, na hiyo ni sawa na msiba. Hakuna jiko litakalowashwa mpaka la mbele liwashwe. Na la mbele ni la Debra. Yeye ndiye atasema nani awashe. Akisema kamwe, basi ni kamwe."

Majiko yakabaki baridi. Lori lilikuja likageuza na mzigo wake. Wanunuzi walikuja, wakatazama, wakaenda kutafuta kwingine. Kila aliyepita mlangoni pa Beldina alimpigia kelele: "Umefurahi sasa? Watoto wetu wale chuki yako?" Ouma alihamia Dunga kwa muda, kuvilinda vizimba vyake, alisema. Wengine walimwendea Debra kumbembeleza, akawatazama tu, mkono umefungwa kitambaa cheupe.

Mwisho Beldina akaenda mwenyewe. Alimkuta Debra ameketi nje ya nyumba, mkono juu ya mto. Opondo alipomwona shemeji yake aliinuka, akaingia ndani bila salamu na kubamiza mlango.

"Umekuja kuona kazi yako?" Debra akauliza.

"Nimekuja."

"Basi ona."

Beldina akaona. Hakugeuza uso.

"Nilidhani unachukia kazi," Debra akasema. "Kumbe unanichukia mimi."

"Nyote wawili, wewe na kazi."

Debra alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kwa mtu mwenye mikono miwili. "Wewe hata kuomba msamaha hujui."

"Ninajua. Nimeona utanirushia usoni."

"Ningekurushia kweli."

Kuku alipita kati yao, akaona si mahali pazuri, akaondoka.

"Unajua nini kinaniuma kuliko mkono?" Debra akasema kwa hasira. "Nikiskia mtu anakaanga hata mayai, natokwa na jasho. Nilikuwa naipenda, Mama Griffins. Nilikuwa naipenda kabisa. Umeniulia hiyo."

"Ingekufa. Ungefika umri wangu..."

"Usinifundishe! Ingekufa yenyewe, sawa, ningeizika mimi. Wewe ulikuwa na haki gani?"

Safari hii Beldina hakuwa na simu ya kukata. Akakaa chini, kwenye vumbi, kwa kuwa hakuna aliyempa kiti.

"Hakuna," akasema.

Debra alimtazama kwa muda mrefu. "Wanataka niseme nani awashe. Kageha anataka awashe yeye. Dani anasema nikikukataa hatakuruhusu hata kupita kibandani na ndoo. Unalitaka bado?"

"Nalitaka."

"Na bado hulipendi."

"Sijawahi kulipenda siku moja."

"Basi liwashe. Ushikwe nalo." Debra aliuhamisha mkono kwenye mto, akakunja uso. "Lakini kila asubuhi, kabla ya mtu kutia kitu kwa mafuta, utapita kila beseni. La kila mtu, hata wanaokutemea mate. Utagusa kila mgongo kwa chini, mmoja mmoja, kwa kidole chako. Ukipata tone, hakuna anayekaanga mpaka likauke. Siku utaruka hata mmoja, nitakuja na huu mkono nisimame mbele ya Dani, na utatoka."

Beldina alifikiria wingi wa hiyo mifupa. Alifikiria harufu. Alifikiria kuinama mbele ya Kageha na kupapasa samaki wake.

"Ni mingi," akasema.

"Ndio. Ni mingi."

*

Siku hizi ukipita Obunga asubuhi utamwona. Mwanamke mnene kiasi, leso kiunoni, anatembea beseni hadi beseni kama mkaguzi aliyetumwa na serikali yenye kisirani. Anaingiza kidole chini ya mbavu, anabonyeza, anakitazama, anakinusa. Hasalimii. Wanawake wanaweka beseni mbele yake na wao pia hawamsalimii.

"Rudisha juani."

"Imekauka, Mama Griffins!"

"Na hii ni nini, machozi? Rudisha. Huna uso mwingine nyumbani."

"Huyu mama anaringa na kidole chake," Kageha anasema, lakini anarudisha. Mzaha umemrudia, ingawa kwa Beldina bado una mfupa ndani.

Mwanafunzi mmoja wa chuo alikuja na kinasa sauti, akamwuliza kama anaipenda kazi yake. Beldina, kidole kikiwa ndani ya samaki, alimwambia, "Naichukia. Sogea, unanizibia mwanga."

Beseni la mwisho huwa la Debra. Alirudi mkono ulipopona, kwenye jiko dogo la nyuma, na mkono huo huufunika kwa mkono mrefu wa blauzi hata jua likiwa kali. Haimbi. Simu hukaa mfukoni. Huliweka beseni chini, akasimama kando, akiangalia kidole cha Beldina kwa makini kama anayehesabiwa mali yake.

Hapo Beldina hukawia zaidi. Huupindua kila mgongo, akauinua kwenye mwanga, akaurudia tena.

"Huu bado," alisema asubuhi moja.

"Umekauka huo."

"Bado. Hapa, karibu na mkia."

"Sioni kitu."

"Hukuona kitu siku ile pia."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kufanya walichokuwa wakifanya. Debra aliutoa mgongo mkononi mwa Beldina kwa nguvu, akainama, akautazama chini ya mkia. Akakaa akiutazama. Kisha akaenda akautandika kwenye chanja, peke yake, kwenye waya mtupu.

Jiko la mbele lilikuwa bado baridi, kiberiti kiko mkononi mwa Beldina, na kibanda kizima kikimngoja. Wanyonyi wa Busia alikuwa njiani akilalamika kuhusu gari. Wale wanawake wawili walisimama kila mmoja upande wake wa chanja, mikono wameikunja, wasiangaliane, wakingoja mfupa mmoja ukauke.